Barua kwa mwanangu anayeingia kazi ya mahandaki

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Umeuliza kama uende kwenye mahandaki au ubaki kwenye misingi ya majengo. Nenda. Kazi ipo: Kenya wamechimba handaki la Ngong la kilomita 4.5 kwa reli ya SGR ya Naivasha, na lile la Murang'a la kilomita 11.8 la kupeleka maji bwawa la Ndakaini. Kwetu Tanzania reli imepenya milima ya Kilosa kwa mahandaki manne. Ila zege na chuma utaviagiza kwa vipimo unavyotaka. Mwamba utaukuta ulivyo.

Kwa hiyo anzia kwa wachorongaji, wale wanaotoboa mwamba kutoa sampuli, si kwenye kompyuta. Jifunze kupima RQD, yaani asilimia ya mwamba uliotoka mzima, kwa mkono wako. Kwenye mchorongo wa mita 1.5, jumlisha vipande vigumu vya kora (mche wa mwamba unaotolewa na mashine) vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi. Vikifika sentimita 90, RQD ni asilimia 60, mwamba wa wastani. Kosa la kila siku ni kuhesabu mvunjiko wa mashine kama ufa wa asili. Ufa wa asili mara nyingi una kutu au udongo usoni. Mvunjiko mpya ni msafi na pande zake zinashikana barabara. Na pale kora isipotoka kabisa, chunguza kwa nini kabla ya kusonga mbele. Mara nyingi hapo pana udongo laini wa mpasuko ulioondoka na maji ya uchorongaji, na ndipo uchimbaji utakapokuja kusumbua. RQD inaingia kwenye RMR na kwenye Q, mifumo miwili ya kupima ubora wa mwamba, kwa hiyo ikikosewa, idadi ya boliti (vyuma vya kushikilia mwamba) na unene wa zege vinakosewa pia. Maji nayo: pizomita, yaani kipimo cha shinikizo la maji ardhini, iliyosomwa kiangazi pekee haikuambii masika yatakuwaje.

Kwenye uchimbaji wa baruti mzunguko ni huu: kutoboa, kupakia, kulipua, kupuliza moshi utoke, kuangusha mawe yaliyolegea, kutoa kifusi, kuchora jiolojia ya uso wa handaki (ukuta wa mbele unaochimbwa), kunyunyiza zege, kufunga boliti. Ratiba ikibana, watu hutaka kuruka kuangusha mawe na kuchora jiolojia. Usikubali hata mara moja. Wala mtu asiingie chini ya zege bichi kabla halijafika megapaskali 1, ikipimwa kwa sindano na si kwa macho.

Kinachomtofautisha meneja mzuri ni anavyosoma mijongeo, yaani handaki linavyosogea baada ya kuchimbwa. Weka alama kwenye paa, mabegani na ukutani, karibu na uso kadiri inavyowezekana, na zisomwe kila siku. Ukichelewa kuziweka, sehemu kubwa ya mjongeo imeshapita bila kuonekana. Usiangalie milimita tu, angalia kasi. Kasi inapaswa kupungua uso unapokwenda mbele. Ikiongezeka wakati uchimbaji umesimama, toa watu kwanza, maswali baadaye. Viwango vya tahadhari vya mjongeo, kijani, njano na nyekundu, viandikwe kabla ya mlipuko wa kwanza, pamoja na jina la mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi saa nane usiku.

Ukipangiwa mashine ya kuchimba handaki, pima uzito wa kifusi. Kichwa chake cha kukatia chenye kipenyo cha mita 6 kina eneo la mita za mraba 28.3. Kwa pete moja ya ukuta wa handaki, yenye urefu wa mita 1.4, ni mita za ujazo 39.6, na kwa udongo wa tani 2 kwa kila mita ya ujazo ni takriban tani 79. Mzani ukisoma 90, umetoa zaidi ya mita za ujazo 5 ambazo hukupaswa kuzitoa, na huenda tundu liko juu yako, chini ya barabara ya watu. Fanya na hesabu ya Peck, ya kukadiria ardhi itatitia kiasi gani, kwa kalamu: handaki hilohilo kwenye udongo mfinyanzi, kitovu chake mita 20 chini, ujazo unaopotea (udongo unaotoka kupita ukubwa wa handaki) ukiwa asilimia 1, ardhi inatitia kama milimita 11. Ukiwa asilimia 3, ni milimita 34, na nyumba zinaanza kupasuka.

Hesabu hizo ndogo ndizo zitakazokuonyesha programu inapodanganya. Tarehe 20 Aprili 2004 huko Singapore, shimo la reli ya chini ya ardhi liliporomoka kando ya Nicoll Highway na watu 4 wakafa. Uchambuzi wa kompyuta ulichukulia tope la baharini kuwa na nguvu kuliko liliyonayo, viungo vya mihimili ya kukinga ukuta vilikuwa dhaifu, na ukuta ulipopinda kupita kikomo, kikomo kikapandishwa. Soma ripoti ya uchunguzi wake yote.

Upande wa usimamizi, kila siku kaeni mkandarasi, mhandisi mshauri na mjiolojia, mwandike karatasi moja ya saa 24 zijazo: urefu wa hatua, idadi ya boliti, unene wa zege. Wote watie sahihi. Kwenye mkataba, tafuta ripoti ya msingi inayosema ni mwamba gani umetarajiwa na maji kiasi gani. Bila hiyo, kila mwamba mbovu unageuka dai na kesi.

Jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu mapema, uingie SEAP, mpango wa bodi hiyo wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, na ujaze kitabu cha kazi kila wiki. Katika miaka hiyo mitatu omba zamu za usiku pia. Usiku ndipo utaona kazi inavyofanywa bila wakubwa.

Wiki ya kwanza omba kufunguliwa masanduku ya kora ya visima viwili vya uchorongaji vya karibu na lango la handaki. Pima RQD zako kabla hujafungua logi (kumbukumbu iliyoandikwa ya kisima), kisha linganisha. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, nipigie simu jioni tuangalie pamoja.

Baba yako