YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNZO YA WASIMAMIZI WETU

Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Saa tatu asubuhi, siku ya pili, mwezeshaji wenu aliwasha projekta akaweka ukutani ripoti ya tathmini ya wasimamizi wetu kumi na mmoja, kila jina na alama zake, na chini yake maoni ya watu wanaowasimamia, neno kwa neno. Alipoombwa azime alijibu, "Kiongozi lazima azoee kukosolewa," akaendelea.

Taratibu za tathmini ya namna hii mnazijua. Kundi lenye watoa maoni chini ya watatu huunganishwa na jingine, maoni hufupishwa, na ripoti hukabidhiwa mhusika peke yake. Mkataba wetu umeahidi usiri. Tunaomba mrejeshe malipo ya siku hiyo.

Kitini nacho ni aibu. Ukurasa wa 14 unanukuu Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Sisi tuko Dar es Salaam, tunafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, ambalo kwa kawaida linampa mtuhumiwa muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Kitini chenu kinasema saa 24, na haki yake ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama hakiitaji kabisa. Msimamizi akikifuata, kosa linaweza kuthibitika wazi na bado tukashindwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) kwa sababu ya utaratibu tu. Uchambuzi wa mahitaji ya mafunzo, ambao mlilipwa kuufanya kabla, ungeliona hili mapema. Haukufanyika.

Lakini tunarudi pale ukutani, maana ndipo palipotuumiza. Msimamizi wa ghala alisoma mbele ya wenzake: "Anafoka mbele ya madereva, halafu lawama anatupia sisi." Ghala lina makarani wawili. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi wakati dodoso linajazwa. Msimamizi hakuhitaji kuuliza nani kaandika. Kabla ya chai ya saa nne, picha ya ukuta ilishafika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, na Jumatatu karani yule alileta barua ya kuomba uhamisho. Aliandika ukweli kwa sababu tulimwahidi, kwa maneno yenu, kwamba hatajulikana.

Kwa hiyo siku moja haitoshi. Tunadai malipo yote ya mafunzo, barua ya kumwomba radhi karani na kila msimamizi, na uthibitisho wa maandishi kwamba ripoti zimefutwa kwenye kompyuta zenu zote. Ankara ya awamu ya mwisho hatutailipa. Mna siku saba. Zikipita, jalada linakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, na madai ya fedha yanakwenda mahakamani.

Wenu katika kazi,
Meneja Rasilimali Watu

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mwanasheria wa Kampuni