Barua kutoka Iringa

Iringa,
3 Machi.

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi sana, na natumaini wewe na watoto hamjambo. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye mabasi. Ile safari tuliyoipanga tangu tuko bwenini nimeifanya peke yangu, na sijaweza kungoja nifike nyumbani ndipo nikusimulie.

Nilianzia Kilwa Masoko. Ukishapata kibali pale, unavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, kipande kifupi tu cha bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, tukashuka mbali kidogo na kutembea majini, viatu mkononi, huku Gereza, ile ngome ya kale, likitutazama. Upande wake wa baharini umeshaliwa na mawimbi. Karibu yake wavuvi walikuwa wanashona nyavu, maana kisiwa kile kina watu wake hadi leo, wanalima, wanaoa, wanazikana.

Ndani ya Msikiti Mkuu nilikaa muda mrefu. Zuhura, nilibandika kiganja kwenye nguzo! Jiwe ni tumbawe, lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na chokaa iliyoyashika mawe ni tumbawe hilohilo lililochomwa. Jengo zima limetoka baharini. Juu kuna kuba, na ukitamka neno sauti inakuzunguka. Msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali. Nako nilipanda. Birika lake la pembe nane bado lipo, kavu, majani yameota kwenye nyufa, na ukiinua macho ni bahari tupu. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita hapa, na mji ulikuwa na sarafu zake wenyewe, mpaka Wareno walipokuja kuupiga mwaka 1505.

Lakini nilipokuwa narudi mashuani kuna jambo lilinikaa rohoni. Jina la sultani tunalijua. Waliopiga mbizi kuyakata yale matumbawe, wakayabeba na kuyachoma, hatuna jina hata moja.

Nandete sikufika. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya milimani, na inaniuma mpaka sasa, kwa sababu ndiko Wamatumbi walikong'oa pamba Julai 1905 na Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vikaanza. Nikapitia Lindi, Masasi, Tunduru, hadi Songea, nikawahi tarehe 27 Februari, siku ya kumbukumbu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikariri? Sababu za Vita vya Majimaji, matokeo ya Vita vya Majimaji, tunaziimba usiku kabla ya mtihani. Mimi nilipata alama zote za swali lile. Basi pale Makumbusho ya Majimaji kuna kaburi moja la pamoja la watu 66, walionyongwa na Wajerumani tarehe kama hiyo mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, amelala peke yake hatua chache kutoka hapo, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani alifika hapo Novemba 2023 akaomba msamaha. Na majina ya wale walionyongwa yameandikwa, Zuhura. Niliyasoma moja moja kwa sauti ya chini. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja, akanyoosha kidole kwenye jina akasema, "Huyu ni wetu." Hakuongeza neno. Nililia pale, wala sikuona aibu.

Jana nilikuwa Kalenga. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limo ndani ya kioo, dogo kuliko nilivyolitarajia. Alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe hai, nao Wajerumani wakachukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ukaagiza kirudishwe, na hakikurudi hadi 1954. Miaka 35 Wahehe wanangoja kichwa cha mtemi wao! Mimi kaburi la baba nikikosa kulipalilia mwaka mmoja sipati usingizi.

Sasa sikiliza, mwalimu. Likizo ya Juni twende Nandete, mimi na wewe, kiangazi barabara itapitika. Nauli ya kwenda mimi nitalipa. Na kabla ya hapo, utakapofika kwenye mada ya Majimaji na kidato chako, usianze na sababu. Niliyanakili yale majina kwenye daftari na kurasa zake nimeziweka ndani ya bahasha hii. Wagawie wanafunzi, kila mmoja asome kwa sauti jina alilopewa, ndipo uwaambie walikuwa akina nani.

Mwandiko unisamehe, niliandika nimesimama, na ukurasa wa pili uliloa kidogo.

Nijibu haraka.

Rafiki yako,
Rehema