Ugenini kama nyumbani

Mhariri,

Wanaoshangaa kwa nini msafiri mmoja hujisikia nyumbani ugenini na mwenzake hubaki mgeni hadi siku ya kuondoka, watazame ratiba kwanza. Usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo hulala nusu macho. Anayehama hoteli kila siku huurudia usiku huohuo. Afadhali kitanda kimoja, angalau usiku 4. Ukivuka kanda za saa, saa ya mwili, ile inayopanga usingizi na kuamka, nayo hujirekebisha takriban saa 1 kwa siku, haiharakishwi kwa urahisi.

Asubuhi pita njia ileile, wakati uleule, masikio wazi, usalimie kwa lugha ya wenyeji hata ukiivunjavunja. Baada ya siku chache muuza magazeti atakuwahi kwa salamu. Ramani itazame kabla ya kutoka: anayefuata mshale wa simu hukariri kona chache.

Msomaji wako