Ukiagiza plagi, tuambie inaziba nini

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi kuliko wote ni mfupi: "Mna plagi?" Tunazo, tena za kumwaga. Ila jibu hilo halimsaidii mtu. Mwenye pikipiki iliyogoma kuwaka anataka kitu kimoja, fundi bomba aliyeacha tundu wazi anataka kingine, na anayetundika kabati ukutani hana haja na vya hao wawili. "Kizibo" nacho hakina nafuu: kuna cha chupa ya soda, cha sinki, cha tangi, hata cha masikio kwa wanaofanya kazi kwenye mashine zenye kelele. Vitu hivi vikishafungwa mahali pake haviwezi kurudi rafuni, kwa hiyo tuelewane kabla mzigo haujatoka.

Tuanze na plagi za mabomba, maana ndizo zinazoleta mkanganyiko mkubwa.

Plagi ya bomba ina uzi (yale meno ya kuzungusha kama ya skrubu) kwa nje na huingia ndani ya tundu la kiungio cha bomba kama elbo, tii au soketi. Kifuniko cha bomba, ambacho wateja wengi nacho hukiita plagi, kina uzi kwa ndani na hulivaa bomba kichwani kama kofia. Mwenye bomba la chuma lenye uzi kwa nje akiagiza plagi atapokea kitu kisichoshika popote. Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa hili: uzi wa kwako uko ndani au nje?

La pili ni kipimo, na hapa rula huwadanganya hata watu makini. Plagi ya nusu inchi ukiipima kwa nje unapata karibu milimita 21, ilhali nusu inchi ya kwenye rula ni milimita 12.7. Plagi haina kasoro. Vipimo hivi vilianzia kwenye upana wa ndani wa mabomba ya chuma ya zamani, na majina yakabaki hata unene wa bomba ulipobadilika. Vivyo hivyo, plagi ya robo tatu inakaribia milimita 26 na nusu, na ya inchi moja inapita 33 kidogo. Ukituandikia "nimepima nje, ni milimita 21," tunajua cha kukupa. Ukituandikia "ni kama inchi moja hivi," utaletewa dude lisiloingia.

Halafu kuna uzi wa Kiingereza, BSP, na wa Kimarekani, NPT. Kwenye nusu inchi, zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo plagi ya aina moja huanza kuingia vizuri tu kwenye tundu la aina nyingine. Tatizo ni pembe ya meno: BSP ni digrii 55, NPT ni digrii 60. Plagi inakaza mapema, fundi anaongeza nguvu ya spana, anafuta mikono, na maji yakifunguliwa tone la kwanza linajitokeza pale pale kwenye ukingo. Hata ukizungushia tepu nyeupe roli zima, hapo hapatibiki. Na tepu yenyewe izungushwe kufuata upande ambao plagi inakazwa; ukiizungusha kinyume, inakunjamana na kujivua unapoingiza.

Plagi za ukutani, ambazo mafundi wengi huziita fisha, zina utata wake. Jina hilo linatokana na Mjerumani Artur Fischer, aliyebuni plagi ya plastiki inayotanuka mwaka 1958. Namba iliyoandikwa juu yake, tuseme 8, ni kipenyo cha biti ya drili kwa milimita. Si kipenyo cha skrubu. Skrubu huwa nyembamba zaidi, kwa sababu lazima iingie ndani ya plagi na kuisukuma itanuke dhidi ya kuta za tundu. Toboa kina kizidi kidogo urefu wa plagi, puliza vumbi litoke, na hakikisha plagi imefika kwenye tofali. Lipu peke yake haibebi kabati. Kama ukuta ni wa jipsamu au tofali lenye matundu, tuambie mapema, kwani fisha ya kawaida huko haina cha kusukuma. Tuna za aina nyingine, zinazojifungua upande wa nyuma wa ubao.

Kwa plagi ya injini, tunaomba namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, yote, hadi herufi ya mwisho. Ukubwa wa uzi ukifanana haina maana kwamba plagi ni ileile. Zipo zenye uzi wa urefu wa milimita 12.7 na zenye 19, na ndefu ikiwekwa pasipo pake inaweza kugongwa na pistoni. Angalizo jingine kwa wanaobadilisha chapa: kwa NGK namba ya joto ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka, kwa Bosch ni kinyume chake. Usilinganishe namba kwa namba. Tuulize.

Plagi ya umeme ya pini tatu bapa haina mengi: tuambie inafungwa kwenye kifaa gani, ili tukupe yenye fyuzi inayofaa. Taa ya mezani inatosheka na ampea 3. Birika na pasi huhitaji 13.

Wanaofunga juisi na vinywaji kwenye chupa hutuulizia vizibo vya bati vyenye meno, vile vilivyobuniwa na William Painter na kupewa hataza Marekani mwaka 1892. Vya siku hizi vina meno 21. Vinahitaji chupa yenye mdomo wa aina hiyo pamoja na mashine ya kubana. Kwenye chupa ya kifuniko cha kuzungusha havishiki. Na kilichokwisha kung'olewa kwa kifungulio kimepinda, usikirudie hata kama kinaonekana kizima.

Kwa kizibo cha sinki, usipime cha zamani. Mpira uliozeeka hukakamaa na kunywea. Pima tundu.

Picha inatusaidia kuliko maelezo marefu. Weka kitu juu ya karatasi nyeupe, kilaze ubavu ili uzi uonekane, rula ikiwa kando yake. Kama chenyewe kimepotea, piga picha ya tundu, na rula ipite katikati ya tundu hilo, si pembeni.