Walimu wa UPE wanatukanwa bure

Mhariri, salaam. Mi msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika sijawahi, safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kila mjadala wa elimu kushuka ukianza lazima atokee mtu wa kuwatupia lawama walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote wa miaka ya sabini, mara vilaza, mara waliokotwa tu njiani. Mama yangu mzazi alikuwa mwalimu wa UPE, tumemzika mwezi uliopita huku Iramba, kwahiyo naomba nafasi kidogo.

Azimio la Musoma la 1974, la chama cha TANU, ndo lilisema watoto wote waingie shule ifikapo Novemba 1977, wakati mpango wa mwanzo ulikuwa mpaka 1989. Sasa hao walimu wangetoka wapi? Vyuo havikutosha, ndo wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba, mama akiwemo, binti wa miaka kumi na saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wanasoma, masomo ya posta, vipindi vya redio, mkufunzi anapita kuwakagua, miaka mitatu hivyo ndo unapata daraja C, ngazi ya chini ya ualimu wa msingi. Huko ni kuokotwa?

Darasa la kwanza alilopewa lilijaa mpaka watoto wengine wanakalia matofali, na wengi wanajua Kinyiramba tu, Kiswahili chenyewe ndo wanakisikia kwake. Ubao ukipauka sie wanae tulitumwa kuokota betri mbovu za redio, tunazipasua tunatoa yale makaa meusi, tunasaga, tunachanganya na majani mabichi yaliyotwangwa, anapaka kwa tambara halafu kesho yake chaki inaonekana mpaka nyuma kabisa. Nyumbani tuliishia kunuka betri wote!

Usiku ni koroboi, bic nyekundu, mtoto mgongoni na ugali wa uwele uko jikoni. Kuna siku mdogo wetu alimwaga uji kwenye madaftari ya watu, mama akayafuta akayaanika kwenye kamba ya nguo moja moja, asubuhi akaenda nayo akawaomba radhi watoto darasani, mwalimu anaomba radhi wanafunzi, enzi zile jamani! Fimbo nayo alichapa, sitadanganya, na sisi tulichapwa shule na nyumbani, hilo mpaka leo sikubaliani nalo na nilishamwambia akacheka tu.

Miaka ya themanini ndo ilikuwa balaa, sukari foleni, sabuni foleni, mshahara unachelewa, walimu wenzake kadhaa waliacha wakaenda kufanya biashara. Yeye akabaki. Baadae serikali ikataka walimu wajiendeleze, akafanya mtihani wa form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, mama wa watoto watano, anakaa chumba cha mtihani na watoto aliowafundisha a e i o u mwenyewe, akafaulu, akapanda mpaka daraja A, ngazi ya juu ya ualimu wa msingi.

Msibani alikuja daktari, wakaja madereva wa bodaboda, akaja pia bibi mmoja aliyefundishwa na mama kusoma kwenye kisomo cha jioni, huyo bibi ndo alisoma neno kanisani.

Sasa ombi langu, Mhariri, wenzake wengi bado wako hai, wamestaafu wapo vijijini, tumeni waandishi wakaongee nao. Maandalio yake ya somo ninayo, sanduku zima, mkiyahitaji nitayapiga picha niwatumie.

Mtoto wa mwalimu,
Iramba, Singida