Mtunzi bora apatikane kwa karatasi, si kwa sura

Mhariri,

Msimu wa Tuzo za Muziki Tanzania ukikaribia, mabishano huwa yale yale: nani kaachwa, nani kapendelewa. Sisi tunaoshinda studio tunaiona kasoro mapema zaidi, kwenye taarifa za wimbo kabla haujapigiwa kura. Tuzo hizi zilianza 1999, zikasimama baada ya 2015 zikiwa na jina la bia ya Kilimanjaro, kisha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likazirejesha 2022. Kwa muda mrefu zimekuwa na vipengele vya mtunzi na mtayarishaji, na hivyo ndivyo vigumu kuliko vyote kuvitolea haki, kwa sababu mshindi haonekani kwenye video.

Wimbo wa Bongo Fleva mara nyingi una mikono minne au mitano. Mmoja kapiga biti, mwingine kaleta kiitikio, wa tatu kaandika beti, wa nne karekodi vokali, wa tano kachanganya sauti. Siku ya kuupandisha mtandaoni, meneja hujaza usiku kwa haraka fomu ya msambazaji, yaani kampuni inayoufikisha wimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia, na penye nafasi ya mtunzi huandika jina la msanii peke yake. Jaji atakayetafuta mtunzi baadaye atalikuta jina hilo hilo.

Dawa yake ni karatasi ya mgawanyo: ukurasa mmoja wenye jina la wimbo, majina halisi ya waliotunga, kila mmoja alichofanya, asilimia zinazojumlishwa kuwa 100, na sahihi. Isainiwe kabla ya wimbo kuachiwa. Wimbo ukishapata umaarufu, kila aliyepita studio hukumbuka kwamba alichangia neno. Waandaaji waidai karatasi hii kwa kila kazi inayowasilishwa. Isiyokuwa nayo ishindanie tuzo nyingine, lakini si ya mtunzi wala mtayarishaji.

Mtayarishaji naye aelezwe ni nani. Biti nyingi siku hizi hununuliwa mtandaoni kwa leseni isiyo ya peke yako, yaani biti ile ile inaweza kuwa mikononi mwa waimbaji wengine kumi. Aliyerekodi vokali juu yake amefanya kazi, ila hajatayarisha muziki ule. Singeli ina kitendawili chake: biti inayokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika huweza kujengwa juu ya kipande cha kinanda kilichokatwa kwenye taarabu ya zamani. Hapo karatasi lazima imtaje na mwenye taarabu. Taarabu yenyewe, tukubali, imetutangulia katika hili, maana aliyeandika mashairi, aliyetia muziki na aliyeimba wamezoeleka kutajwa kila mmoja kwa nafasi yake.

Jambo la pili ni tarehe. Waandaaji wadai namba ya ISRC ya kila wimbo, ile yenye herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi. Wimbo ulioachiwa mwaka juzi ukiingizwa kwenye albamu ya mwaka huu bila kubadilishwa, unatakiwa kubaki na namba yake ya kwanza, na hapo mwamuzi anajua si mpya. Rimiksi hupata namba nyingine. Video nayo ina yake, hivyo video iliyochelewa miezi minane isiufanye wimbo uonekane mchanga. Ila tahadhari: msanii akihama msambazaji bila kumpa namba za zamani, msambazaji mpya huweza kutoa nyingine, na wimbo mkongwe ukaonekana umezaliwa jana. Zile tarakimu mbili za mwaka ndani ya namba nazo zinaonyesha mwaka namba ilipotolewa, ambao si lazima uwe mwaka wa kuachia. Kwa hiyo namba ilinganishwe na tarehe ya kwanza ya wimbo kuwekwa hadharani.

Mwisho, majina ya watunzi na watayarishaji wa kila wimbo ulioteuliwa yabandikwe wazi siku saba kabla kura hazijafunguliwa, pamoja na anwani ya kupokea mapingamizi. Anayedai kaibiwa aje na faili za mradi wa studio, zile zenye kila ala kwenye njia yake. Faili moja ya MP3 isipokewe kama ushahidi, kwa kuwa yeyote anaweza kuipakua.

Watayarishaji na wachanganyaji sauti,
Dar es Salaam