Shoga, ile karatasi ya mapokezi

Shoga angu, za huko na wanao? Huku tupo, mvua zimeanza na darasa la pili wanasoma wamebanana upande mmoja, upande wa pili panavuja.

Barua hii nampa konda akuletee maana simu hapa ofisini kila mtu anasikia. Si unakumbuka nilikwambia tumeletewa hela ya madarasa mawili, ndo hivi vya fosi akaunti, hela inaingia akaunti ya shule zinaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, mimi nikatupwa mapokezi eti nina mwandiko mzuri. Mzigo ukaja na karatasi yake, saruji mifuko 280 na nondo za milimita 12. Nikahesabu saruji mwenyewe stoo, 200. Kumuuliza mkuu wa shule anasema 80 kaiacha dukani kwa sababu stoo yetu inapitisha maji itaganda, na kweli stoo inavuja na watu wengi wanafanya hivyo, nikanyamaza. Ila nondo sasa. Fundi kanivuta pembeni, ticha hii siyo 12 hii ni 10. Nikajua ni ugomvi wake na mkuu tu (wanadaiana hao), basi tukabeba moja nzima ilivyokunjwa mpaka kwa yule mnunuzi wa mahindi tukaitundika kwenye mizani yake, kilo saba na kitu! Nondo ya mita 12 ikiwa milimita 12 kweli inakaribia kilo 11. Hapo utaniambia mvua imeingiaje? Na hizo ndo zinakwenda kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, juu ya vichwa vya watoto.

Mkuu anataka nisaini kwamba vyote vimepokelewa kama vilivyoandikwa. Wenzangu wameshasaini, mmoja ananicheka, "saini tumalize ticha, nondo zenyewe utalalia wewe?" Na mkuu unamjua, mama alipolazwa yeye ndo alinikopesha laki tatu bila hata kuandikishana. Angekuwa mtu wa hovyo ningeshapiga 113 ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, zamani, wala nisingekusumbua.

Nimesoma soma. Sheria ya rushwa ya 2007 kifungu cha 39 ukijua kosa unatakiwa utoe taarifa, siyo ukijisikia. Halafu ipo ya 2015 ya kulinda watoa taarifa, inamlinda anayesema kwa nia njema, ana sababu za msingi na amepeleka kwenye mamlaka inayohusika, siyo anayekwenda kumwaga kwenye magrupu ya wasap. Kwenye karatasi tamu kabisa. Ila mume wangu kanikumbusha yule Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa siri za ile kashfa ya wizi ya Goldenberg miaka ya 90, wakamshtaki, mahakama ikamwachia, kazi ndo ikaenda hivyo, kafa 2006 hana kitu. Najua ile ilikuwa mabilioni, lakini uhamisho wa kwenda shule isiyo na barabara hauangalii ukubwa wa hela shoga, na afisa elimu kata na mkuu wetu ni chanda na pete.

Nimeamua hivi, sisaini ilivyo. Naandika nilichopokea, 200 na milimita 10, na picha za mizani ninazo. Kwanza namfuata mkuu mwenyewe azirudishe nondo kabla lenta haijamwagwa. Najua utasema namshtua afiche ushahidi, mume wangu kashasema hivyo hivyo mpaka tukanuniana, lakini zikibadilishwa watoto wanakaa chini ya kitu cha maana, mimi shida yangu hiyo kwanza. Akinizungusha mpaka Ijumaa naenda ofisi ya TAKUKURU wilayani kwa miguu yangu.

Sasa wewe ulikaa kamati ile ya vyoo, niambie, mjumbe mmoja akiandika tofauti na wenzake malipo ya mzabuni yanakwama au wanaipitisha tu? Na nikienda kule niende na kopi, au wanakuja kuchukua faili wenyewe? Maana lipo kabatini kwa mkuu na funguo anazo yeye. Nipigie baada ya saa mbili usiku nikiwa nyumbani, meseji usitume kabisa, mtoto wa mkuu anakuja kwangu tuisheni na simu yangu ndo anayochezea gemu.